TV mpya ya 4K, picha ileile: tatizo liko wapi?

Mtu ananunua TV ya inchi 55, boksi limeandikwa 4K kila upande, fundi anaipachika ukutani, familia inakaa kuangalia taarifa ya habari, na sura ya mtangazaji ina ukungu kuliko ilivyokuwa kwenye TV ya zamani. Wazo la kwanza ni kwamba ameuziwa feki. Feki zipo, nitazifikia mwishoni, lakini kwa wengi ninaowafungia TV majumbani kioo hakina kosa lolote. Kosa liko kwenye kinachoingia kwenye kioo, kwenye waya unaokiingiza, au kwenye umbali wa kochi. Kwa kawaida liko kwa mpangilio huohuo, kwa hiyo fuata mpangilio huo kabla hujarudi dukani au hujaongeza hela ya kununua kubwa zaidi.

Hesabu moja uwe nayo kichwani, maana nitairudia. Kioo cha Full HD kina pikseli, vile vidoti vidogo vinavyounda picha, 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, jumla 2,073,600. Cha 4K kina 3840 kwa 2160, jumla 8,294,400, yaani mara nne. Chaneli ya kawaida isiyo ya HD inakuja na 720 kwa 576 ikijitahidi sana, na nyingi hazijitahidi. Kwa hiyo TV ya 4K inapopokea chaneli hiyo, inapewa pikseli laki nne na ushee na kutakiwa kujaza milioni nane. Zilizobaki inazibuni yenyewe.

"Chaneli zilezile zilionekana safi kwenye TV ya chogo, hapa ni ukungu mtupu"

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote, na mlalamikaji anasema kweli. Ile TV ya chogo ya inchi 21 ilikuwa na kioo chenye upana wa sentimita arobaini hivi. Picha ya pikseli 720 ikitandazwa kwenye sentimita 40, pikseli moja ina upana wa karibu nusu milimita. Picha hiyohiyo ukiitandaza kwenye TV ya inchi 55, ambayo upana wake ni kama sentimita 122, pikseli moja inafika milimita 1.7. Umekaa palepale, mita tatu, na unaangalia chaneli ileile. Ulichofanya ni kuivuta picha mara tatu, na kila dosari iliyokuwa imejificha imevutwa nayo.

Ndiyo maana kuhama kutoka Full HD kwenda 4K hakusaidii hapa hata kidogo. TV mbili za inchi 55, moja Full HD na nyingine 4K, zikipewa chaneli ya 720 kwa 576, zitaonyesha ukungu uleule. Ya 4K ikiwa ya kampuni nzuri, kompyuta yake ya ndani inaweza kuikuza picha kwa ustadi zaidi, na hiyo ni faida ya kompyuta, si ya pikseli.

Cha kufanya: tafuta namba ya chaneli hiyo katika HD kama ipo kwenye kifurushi chako. Ving'amuzi vingi vinabeba chaneli moja mara mbili, ya kawaida na ya HD, kila moja na namba yake, na watu wanaendelea kubonyeza namba ya zamani kwa mazoea. Kama haipo, kubali hivyo au punguza ukubwa wa picha. TV iliyokusudiwa kwa habari na tamthilia za chaneli za kawaida inapendeza zaidi ikiwa inchi 32 au 40 kuliko 55.

DVD zinaingia hapahapa. Diski ya mfumo wa PAL ina pikseli 720 kwa 576, basi. Na zile sahani zinazouzwa zikiwa na filamu kumi ndani ya moja zina chini ya hapo, kwa sababu nafasi ni ileile na filamu ni kumi. Kila filamu imebanwa hadi nyuso zimekuwa kama zimepakwa rangi kwa brashi pana. Hakuna TV duniani itakayoirudisha ile nywele iliyofutwa wakati wa kubana.

"Nimelipia HD, lakini sioni HD"

Nenda nyuma ya TV uangalie waya. Ukikuta zile waya tatu, njano, nyekundu na nyeupe, umepata jibu. Ile ya njano inabeba picha ya kawaida tu, hata king'amuzi kiwe cha HD na chaneli iwe ya HD. Nimekuta nyumba ambazo king'amuzi cha HD kimefungwa kwa waya ya njano, na waya wa HDMI, ule unaobeba picha ya HD, bado umo ndani ya mfuko wake kwenye boksi, umefungwa na kile kiwaya cha plastiki cha kiwandani. Fundi aliyetangulia alikuta waya za zamani zimeshapita ukutani, akaona uvivu kupitisha mpya.

Ukishaweka HDMI, kazi haijaisha. Ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, sehemu ya video, uangalie kinatoa nini. Vingine vikitoka kiwandani vimewekwa 576i, yaani ubora wa kawaida. Pandisha hadi 1080i au 1080p, zote mbili ni HD, na umbo la picha liwe 16:9, lile pana la TV za sasa. Ukiona watu kwenye TV wote wamenenepa, nyuso pana na mipira imekuwa mayai, hiyo ni picha ya 4:3, umbo la TV za chogo, iliyonyooshwa ijaze kioo. Picha iliyonyooshwa inapoteza ukali pia, si umbo tu.

Angalia na pembeni mwa picha. Kama nembo ya chaneli au maandishi yanayopita chini yamekatwa kidogo, TV inaivuta picha nje ya kingo zake kwa asilimia chache. Ni tabia iliyobaki tangu enzi za chogo. Ubaya wake ni kwamba hata picha ya 1080 inayoingia kwenye kioo cha 1080 haikai tena pikseli kwa pikseli. Yote inakuzwa kidogo na kulegea. Dawa iko kwenye ukubwa wa picha: tafuta "Just Scan", "Screen Fit", "1:1" au jina la kufanana na hayo, kila kampuni ina lake. Ni jambo la kubonyeza mara mbili kwenye rimoti, na kwa mtu anayeunganisha kompyuta kwenye TV tofauti yake ni kubwa kuliko ya Full HD na 4K.

"Kila kitu kimefungwa vizuri, lakini kwenye kochi sioni tofauti ya 4K"

Hapa ndipo lilipo swali lenyewe, kama 4K inaonekana tofauti na Full HD, na jibu linategemea futi kamba.

Jicho lina kikomo. Ile chati ya herufi inayobandikwa kwenye kliniki za macho, iliyotungwa na daktari Mholanzi Herman Snellen mwaka 1862, imejengwa juu ya kikomo hicho: mtu mwenye 6/6, yaani macho yanayohesabiwa kuwa ya kawaida, anatenganisha mistari iliyo umbali wa dakika moja ya digrii, yaani digrii moja igawanywe mara sitini. Nyoosha mkono mbele. Upana wa ncha ya kidole kidogo ni kama digrii moja. Ndani ya upana huo, jicho la 6/6 linatofautisha pikseli 60. Vijana wengi wana macho makali kuliko 6/6, na utafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge pamoja na Meta uliochapishwa mwaka 2025 ulipata wastani wa pikseli 94 kwa digrii kwa picha nyeusi na nyeupe inayotazamwa moja kwa moja. Kwa rangi kikomo kilikuwa chini zaidi, hasa kwa njano na zambarau, kama pikseli 53 tu.

Chukua basi TV ya inchi 43 ya Full HD, upana wake ni sentimita 95, na kochi liko mita tatu. Kwa umbali huo digrii moja inachukua kama sentimita 5.2 za kioo, ambazo ndani yake mna pikseli 105. Tayari umepita kikomo cha jicho la 6/6 na kile cha Cambridge pia. Ukibadilisha kioo hicho kwa cha 4K cha inchi 43, pikseli zinakuwa 210 kwa digrii. Nusu yake hakuna jicho la nyumbani kwako litakalozitumia.

Sasa 55. Kwa mita tatu, Full HD inatoa pikseli 82 kwa digrii. Hapa mwenye 6/6 haoni tofauti, lakini kijana mwenye macho makali sana, kwenye picha iliyotulia yenye mistari myembamba, anaweza kuhisi kitu. Inchi 65 ni 70, na inchi 75 zinagusa 60 kamili. Kuanzia hapo 4K inaanza kuwa na maana kwa watu wengi.

Kama hupendi hesabu, huu ndio umbali ambao ukikaa nyuma yake, jicho la 6/6 halitofautishi Full HD na 4K:

inchi 32: mita 1.3
inchi 43: mita 1.7
inchi 55: mita 2.2
inchi 65: mita 2.6
inchi 75: mita 3

Kama unajua macho yako ni makali, ongeza nusu ya namba hiyo na kidogo juu. Kama unajua si makali, punguza. Mtu mwenye 6/12 anahitaji kusogea hadi nusu ya umbali huo, kwa hiyo mzee anayelalamika kwamba TV mpya haisomeki maandishi ya chini, mpeleke kupima macho kabla ya kumlaumu aliyeinunua. Miwani itampa ukali zaidi kuliko TV yoyote.

Sebule zetu nyingi zina kochi kwenye ukuta mmoja na TV kwenye ukuta wa pili. Mita mbili na nusu hadi tatu na nusu ndiyo hali ya kawaida, na katika chumba cha kupanga, ambako kitanda ndicho kochi, inaweza kuwa mita moja na nusu. Huyu wa chumba kimoja ndiye anayeweza kufaidi 4K ya inchi 43 kuliko mwenye sebule kubwa! Mwenye sebule kubwa afikirie ukubwa kwanza. Akisogea kutoka 43 hadi 65 ataiona tofauti hata bila kuambiwa, na ikitokea hiyo 65 ni 4K, ambavyo karibu zote sasa ndivyo zilivyo, sawa.

Unaweza kujipima bila namba. Fungua YouTube kwenye TV ya 4K, tafuta video iliyopigwa kwa 4K yenye vitu vidogo vidogo: majani ya mnazi, nyavu, jiji lililopigwa kutoka juu. Kaa unapokaa siku zote. Mpe mtu mwingine rimoti, abadilishe ubora kati ya 2160, 1080 na 720 bila kukuambia, wewe useme ipi ni ipi. Kuna ujanja mmoja katika jaribio hili: YouTube inapokupa 1080 inaibana video zaidi kuliko inapokupa 2160, kwa hiyo ukiona tofauti huenda ni ya kubanwa, si ya pikseli. Jaribio linaipendelea 4K. Ukishindwa kutofautisha hata kwa upendeleo huo, suala limekwisha kwa kochi lako.

"Picha ikitulia ni kali, mpira ukianza ni ukungu"

Unaona nyasi jani kwa jani mchezaji anaposubiri kupiga penalti, kisha kamera inamfuata winga na uwanja wote unageuka supu ya kijani. Kuna sababu mbili tofauti, na zinatibiwa tofauti.

Simamisha picha katikati ya mwendo, kama king'amuzi au programu yako inaruhusu. Kama picha iliyosimama bado ina ukungu au vipande vya mraba, kosa limekuja na matangazo. Ama kamera yenyewe, ama kubanwa. Kurusha mpira ni kazi ngumu kuliko kurusha mtangazaji aliyekaa, kwa sababu kila kitu kinabadilika kila sehemu ya sekunde, na chaneli ina kipimo cha data ambacho haiwezi kukizidi. Kinachotupwa kwanza ni nyasi. Moshi, mvua, maji ya bahari na vikaratasi vya sherehe ya ubingwa vinateseka vivyo hivyo. Huna la kufanya nyumbani ila kutafuta chaneli nyingine inayorusha mechi hiyohiyo ikiwa na ubora zaidi.

Kama picha iliyosimama ni safi na ukungu unakuja tu ikitembea, hicho ni kioo chako, na hapa pikseli zaidi hazisaidii. Video ni mfululizo wa picha zilizotulia, fremu, na kioo cha kawaida kinashikilia kila fremu hadi ifuatayo ije. Kamera ikivuka uwanja ili kitu kipite upana wa kioo cha Full HD kwa sekunde mbili, hicho kitu kinatembea pikseli 960 kwa sekunde, na kwa fremu 60 kwa sekunde jicho linalokifuata linapata mburuzo wa pikseli 16 kwa kila fremu. Ile 1920 uliyoilipia imeshuka hadi kama 120 wakati huo. Kwenye 4K mburuzo ni pikseli 32, upana uleule kwa sentimita. Kinachopunguza mburuzo ni kioo cha 120 Hz, yaani kinachobadilisha picha mara 120 kwa sekunde, kinachopewa fremu nyingi zaidi, au ule mfumo wa TV wa kubuni fremu za katikati. Mfumo huo wengi wanauchukia kwenye filamu, kwa sababu unazifanya zionekane kama tamthilia ya mchana, lakini kwa mpira uache ukiwa umewashwa, kiwango cha chini au cha kati.

Kuna dalili ya tatu ndogo: mistari kama meno ya kitana kwenye kingo za wachezaji wanaokimbia. Hiyo ni 1080i, ambayo inatuma nusu ya mistari kwanza kisha nusu nyingine, na kifaa kimoja kati ya king'amuzi na TV kinaiunganisha vibaya. Badilisha king'amuzi kutoka 1080i kwenda 1080p au kinyume chake, uone ni kipi kati ya viwili kinajua kazi hiyo.

"Netflix na YouTube zinaanza na ukungu, au zinabaki na ukungu"

Ukungu wa sekunde chache mwanzoni ni kawaida. Programu inapima intaneti yako. Ukibaki, pima kasi ukiwa kwenye TV yenyewe, si kwenye simu iliyo karibu na ruta. Kasi hupimwa kwa Mbps, yaani megabiti kwa sekunde: Netflix inataka Mbps 15 kwa 4K, 5 kwa 1080p na 3 kwa 720p. YouTube inapendekeza 20 kwa 4K. Kama ruta iko chumbani na TV iko sebuleni nyuma ya kuta mbili za tofali, kasi unayolipia haifiki. Waya wa mtandao hadi kwenye TV unamaliza tatizo hilo, hata kama tundu la TV yako lina mwisho wa Mbps 100. Zinatosha na kubaki.

Halafu kuna bando. Netflix kwa 4K inaweza kula hadi GB 7 kwa saa, na kwa HD GB 3 hivi. Mwenye bando la GB 10 la simu anamaliza kabla stelingi hajalipiza kisasi. Kwa hiyo watu wengi, hata wenye TV ya 4K, wameweka ubora wa kati kuokoa bando, kisha wakasahau. Ingia kwenye akaunti uangalie. Na kwa Netflix, 4K iko kwenye mpango wa juu kabisa tu. Mipango ya chini haikupi hata ukiwa na intaneti ya ubalozini.

Kisa kingine kinachochanganya watu: lile boksi dogo la Android linalochomekwa kwenye TV, limeandikwa 4K au hata 8K, YouTube inaonekana vizuri lakini Netflix ni ukungu wa 480. Boksi si bovu. Kampuni za filamu hazitoi picha ya HD kwa kifaa kisicho na kibali chao cha ulinzi, kile kinachoitwa Widevine L1. Maboksi mengi ya bei poa hayana. Hakuna mpangilio wa kurekebisha hilo, na fundi anayekuambia anaweza "kuflashi" likakubali, muombe akuonyeshe kwanza kabla hujamlipa.

Ukirusha picha kutoka kwenye simu, angalia unavyorusha. Kuakisi kioo chote cha simu kunaifanya simu ibane picha upya na kuituma hewani, na inaharibika njiani. Kubonyeza alama ya kurusha iliyo ndani ya programu yenyewe kunaiambia TV ichukue video moja kwa moja mtandaoni. Na ile video ya harusi uliyotumiwa WhatsApp imeshabanwa ikiwa njiani. Hata ukichagua HD, WhatsApp inaishusha hadi 720. Muombe mpiga video aiweke kwenye flashi.

"Dukani ilikuwa moto, nyumbani imepooza"

Dukani ulisimama mita moja kutoka kwenye kioo, ukiangalia video ya kampuni iliyopigwa kwa 4K ya hali ya juu: kasuku, matone ya maji, jiji usiku. Haikubanwa kama chaneli inavyobanwa. TV ilikuwa kwenye hali ya maonyesho, mwanga umepandishwa hadi mwisho na rangi zimekolezwa. Kilichokuvutia kwa sehemu kubwa hakikuwa pikseli. Kilikuwa utofauti wa mwanga na giza, na rangi.

Hili ningependa watu walizingatie wakati wa kununua, kwa sababu sebuleni linaonekana kutoka mita tatu, nne, hata mlangoni. Kioo kinachotoa weusi wa kweli na mwanga wa kutosha kitashinda kioo kilichofifia chenye pikseli mara nne. TV ya OLED inazima kila pikseli peke yake, na vioo vya kawaida vinatofautiana sana kwa taa za nyuma. HDR, ile alama inayoambatana na 4K na inayomaanisha picha yenye tofauti kubwa zaidi ya mwanga na giza, ina faida kubwa kuliko 4K yenyewe ikiwa kioo kina mwanga wa kuibeba. TV nyingi za bei ya chini zinaipokea ishara ya HDR kisha zinaonyesha picha iliyo giza kuliko kawaida, na mtu anadhani TV inakufa. Zima HDR kwenye TV ya namna hiyo.

Na pazia. Dirisha linalotazamana na TV linaua weusi wote wa picha saa nane mchana. Kabla hujabadilisha TV, badilisha ukuta inapokaa.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni kipengele cha "Sharpness". Kinaonekana kama kinaongeza ukali, lakini kinachofanya ni kuchora mstari mweupe kuzunguka kila kitu. Sogea karibu uangalie maandishi ya taarifa ya habari: ukiona kila herufi ina kivuli cheupe, kimezidi. Kishushe hadi kivuli kiishe. Picha itaonekana laini kwa siku moja mbili, kisha utaona ngozi za watu zimerudi kuwa ngozi.

Gemu na kompyuta

Hapa naitetea 4K bila kusita. Kompyuta ikitumia TV kama skrini, mtu anakaa karibu, na herufi ndogo ndizo zinazoonyesha upungufu wa pikseli kuliko kitu chochote. Lakini waya na tundu viruhusu: HDMI 1.4 inabeba 4K kwa fremu 30 tu kwa sekunde, na kipanya kinatembea kwa kukwama. HDMI 2.0 na kuendelea inabeba 60. Baadhi ya TV zina tundu moja au mawili tu yanayofikisha huko, na bado unatakiwa kuliwasha kwenye mipangilio. Kwa Samsung tafuta "Input Signal Plus", kwa LG "HDMI Deep Colour", kwa Sony "Enhanced format". PS5 iliyochomekwa kwenye tundu lisilowashwa inacheza, ila si kwa uwezo wake wote.

8K

Hii ina pikseli mara nne ya 4K. Japani, shirika la utangazaji la NHK lilianza kurusha chaneli ya 8K tarehe 1 Desemba 2018. Kwetu hakuna cha kuangalia. Na hata kingekuwepo, kwa inchi 65 kile kikomo cha pikseli 94 kinakutaka ukae chini ya mita mbili ndipo 4K isitoshe. Pita.

"Nashuku kioo si 4K kweli"

Sasa feki. Tatizo hili liko zaidi kwenye inchi 32 hadi 50 za majina yasiyojulikana. Boksi linaandika "4K Supported" au "Full HD Supported". Maana yake ni kwamba TV inaweza kupokea na kusoma video hiyo; haisemi kioo kina pikseli ngapi. TV ya 32 iliyoandikwa hivyo kwa kawaida ina kioo cha 1366 kwa 768. Kwa inchi 32 kutoka mita tatu hutaona hasara, kwa hiyo kinachouma ni bei uliyolipa. Kwa 50 ukikaa karibu utaiona.

Kuithibitisha, usitumie picha kwenye flashi. TV nyingi za Android huchora menyu na picha kwa 1080 hata kama kioo ni 4K halisi, kwa hiyo kioo kizuri kitafeli mtihani. Tumia kompyuta kwa HDMI. Iweke itoe 3840 kwa 2160, ukuzaji wa maandishi uwe asilimia 100, hakikisha TV haivuti kingo, kisha fungua picha yenye mistari ya wima ya pikseli moja, mweusi, mweupe, mweusi, mweupe, ionyeshwe kwa ukubwa wake halisi. Sogeza kamera ya simu karibu kabisa na kioo. Kwenye 4K halisi utaona mistari iliyonyooka, kila mmoja peke yake. Kwenye kioo cha pikseli pungufu mistari inayeyuka kuwa kijivu, au inatokea mawimbi mapana yanayopishana. Na kama kompyuta haitaki kabisa kutoa zaidi ya 1920 kwa 1080, hakikisha kwanza waya na tundu vinaibeba 4K, halafu ndipo umshuku muuzaji.

Mtihani huu unawezekana dukani, ukiwa na laptop inayotoa 4K na waya wako mwenyewe. Muuzaji akikataa usichomeke, muombe namba ya modeli uitafute kwenye tovuti ya kampuni, sehemu ya vipimo, mstari wa resolusheni ya kioo, yaani idadi ya pikseli zake. Ikiwa namba hiyo haipatikani popote, mwambie aandike "kioo 3840 x 2160" kwenye risiti, juu ya sahihi yake, kisha ndipo utoe hela.